Mungu asinilaze: kuzeeka, kupotewa na akili na kufa vizuri

Wazee wetu wana dua fupi ambayo ukikaa nao barazani jioni hutakosa kuisikia: "Mungu asinilaze." Siku ikifika, ifike upesi, isiwe miezi ya kugeuzwa kitandani, kulishwa uji kwa kijiko na kuogeshwa na mkwe. Mwislamu wa pwani atakwambia amekwisha kubali kwamba kila nafsi itaonja mauti, lakini bado anamwomba Mola amkinge na kurudishwa kwenye umri wa udhalili, ule ambao mtu hajui tena aliyokuwa akiyajua. Mkristo atakufungulia Zaburi ya 71, pale mwimbaji anapoomba asitupwe wakati wa uzee. Dini mbili, hofu ileile, na ajabu yake ni kwamba kifo chenyewe hakimo.

Kilichomo ni mambo kadhaa yaliyorundikwa pamoja: kuchoka kwa mwili, kuharibika kwa kumbukumbu, maumivu, na aibu ya kuwa mzigo. Yote tunayaita uzee. Kisha mzee anapoanza kubadilika, familia inasema "ni uzee tu" na kukaa ikisubiri. Binafsi naamini maneno hayo matatu yanawanyima wazee matibabu kuliko hata umbali wa hospitali. Kila jambo katika rundo hilo lina chanzo chake na dawa yake, na baadhi ya dawa hizo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani.

Kusahau kupi?

Ubongo wa kila mtu hupunguza kasi kadiri miaka inavyosonga. Jina la mtu linagoma kutoka mdomoni halafu linakuja lenyewe usiku wa manane. Miwani inatafutwa nyumba nzima na kumbe iko kichwani. Babu anachukua wiki nzima kuizoea simu mpya. Hayo ni ya umri, na hayana haja ya kumnyima mtu usingizi.

Demensia ni jambo jingine. Hapo kuna ugonjwa unaoharibu ubongo hadi mtu ashindwe shughuli alizokuwa akizifanya bila hata kufikiri. Bibi aliyepika pilau maisha yake yote anasimama mbele ya sufuria, vitunguu vimeshakuwa vyekundu, hajui kinachofuata. Mwenye duka anarudisha chenji isiyoeleweka, na ukimsahihisha anakuwa mkali. Mzee anatoka msikitini alfajiri na kupotea njia aliyoipita tangu ujana. Anayeishi naye huyaona haya mapema kuliko daktari yeyote, kwa sababu daktari humwona mzee kwa dakika kumi, amevaa kanzu safi na anajibu salamu vizuri.

Aina inayojulikana zaidi ni alzeima. Mwaka 1901, katika hospitali ya magonjwa ya akili mjini Frankfurt, Ujerumani, daktari Alois Alzheimer alimpokea Auguste Deter, mwanamke ambaye alipoulizwa jina la mumewe alitaja lake mwenyewe. Alipofariki mwaka 1906, daktari aliupima ubongo wake kwa hadubini na kukuta madonge yamejikusanya kati ya seli na nyuzi zilizojisokota ndani ya seli. Ndiyo alama zinazotafutwa hadi leo. Deter alikuwa na miaka 51 tu alipolazwa; yaani ugonjwa tunaouita wa uzee ulipata jina kupitia mtu ambaye hapa kwetu bado angekuwa analima na kwenda kwenye vikoba.

Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka kidogokidogo, mara nyingi kwa sababu ya presha isiyotibiwa. Hii haiteremki taratibu. Mtu anakaa vile alivyo kwa miezi, kisha anashuka ghafla baada ya kiharusi kidogo ambacho pengine hakuna aliyekigundua. Na ipo inayoanzia sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo huacha kumbukumbu kwanza na kugusa tabia: mtu mpole anaanza kutukana, mchamungu anasema maneno ya aibu mbele ya wakwe. Familia hugombana naye miaka mizima kabla ya kugundua kwamba ni mgonjwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na demensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hata hivyo kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ni ugonjwa wa Wazungu, na sababu mojawapo ni namna ulivyokuwa ukipimwa. Vipimo vingi vilitungwa kwa ajili ya watu waliosoma: chora saa, andika sentensi, hesabu kurudi nyuma kwa saba saba. Mpe bibi ambaye hajawahi kushika kalamu vipimo hivyo, atafeli akiwa na akili zake zote.

Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ina nafasi ya heshima katika kurekebisha hilo. Mwaka 2010 watafiti walipita katika vijiji sita na kuwapima karibu wazee 1,200 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, na wakakuta takriban asilimia 6.4 wana demensia. Kiwango hicho hakiko mbali na cha nchi tajiri. Huko huko Hai kikatengenezwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA, kisichohitaji kusoma wala kuandika. Mzee anaulizwa leo ni siku gani, kiongozi wa eneo lake ni nani, daraja ni kitu gani. Anataja wanyama wengi awezavyo ndani ya dakika moja, anakumbuka orodha ya maneno kumi aliyosomewa, na anapanga njiti za kiberiti kwa mfano aliouona. Njiti za kiberiti! Kipimo hicho kimejaribiwa pia Nigeria, na kinaweza kufanywa na muuguzi wa zahanati. Ningependa kukiona kwenye kila dirisha la wazee nchini.

Aliyekuwa mzima juzi

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo makosa yanapogharimu maisha.

Demensia huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa akiongea vizuri Jumatatu, na Alhamisi hamtambui mwanawe, anaona wadudu ukutani, usiku hasinzii na mchana amelala fofofo, huyo hajazeeka ndani ya siku tatu. Madaktari wanaiita hali hiyo diliriamu, na ni dharura. Chanzo kinaweza kuwa nimonia, malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari kushuka au kupanda, upungufu wa maji mwilini, mkojo uliokwama, au dawa mpya aliyopewa wiki iliyopita. Mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa kubwa. Kuchanganyikiwa kukawa ndiyo dalili pekee. Akitibiwa chanzo, mara nyingi akili hurudi. Aliyekuwa na demensia tangu awali naye hupata diliriamu kwa urahisi zaidi, kwa hiyo "huyu tayari ana ugonjwa wa kusahau" isiwe sababu ya kumwacha nyumbani.

Vipo pia vitu vinavyofanana na demensia lakini vinatibika: sonona, hasa kwa mjane aliyejifungia ndani, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingoni iliyolegea kazi, kaswende ya zamani, VVU visivyodhibitiwa, damu iliyovuja taratibu chini ya fuvu baada ya mzee kuanguka na kugonga kichwa, pengine wiki kadhaa kabla. Na masikio! Mtu asiyesikia vizuri hujibu ovyo, na anayejibu ovyo huitwa amechanganyikiwa. Kabla ya kumpa mtu jina la ugonjwa usioponyeka, haya yote yanapaswa kuangaliwa, na mengi yanaangaliwa kwa vipimo vya damu vya kawaida.

Kuna gharama nyingine ya kutojua, mbaya kuliko zote. Mgonjwa wa demensia huweza kuamka usiku na kutangatanga. Huweza kukutwa uani kwa jirani alfajiri, hana nguo, anazungumza na watu waliokwisha kufa. Katika kijiji kinachoamini uchawi, maelezo yapo tayari. Kilifi nchini Kenya wazee wameuawa kwa tuhuma hizo kiasi kwamba Kaya Godoma, huko Ganze, pakageuka kimbilio la waliofukuzwa makwao. Kisii nako vikongwe wamechomwa moto. Usukumani, macho mekundu ya bibi aliyepikia kuni maisha yake yote yamekuwa ushahidi wa kutosha kwa wenye mapanga. Sidai kila tuhuma ina demensia nyuma yake; mara nyingi nyuma yake kuna shamba. Lakini ugonjwa humpa anayelitaka shamba kisingizio alichokuwa akikitafuta.

Tumaini la kweli na tumaini la kununua

Watu huuliza kwanza dawa. Ziko za zamani, kama donepezil na memantine, ambazo huwasaidia baadhi ya wagonjwa kwa muda bila kuusimamisha ugonjwa. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha lecanemab, inayosafisha yale madonge ya alzeima. Katika majaribio ya miezi 18 ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa takriban asilimia 27 kwa wagonjwa walio hatua za mwanzo. Ilizinduliwa kwa bei ya dola 26,500 kwa mwaka, mwanzoni hutiwa kwenye mshipa kila baada ya wiki mbili, na inataka picha za MRI za mara kwa mara kwa sababu inaweza kuvimbisha ubongo au kuuvujisha damu. Ni hatua kubwa ya kisayansi. Kwa mzee wa Kishapu au Busia haina maana yoyote kwa sasa, na anayeuza mtandaoni "dawa asilia inayoponya alzeima" ni mwizi.

Tumaini la kweli liko mapema zaidi, na halina mvuto wa kutangazwa. Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililoitishwa na jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayochangia demensia na yanayoweza kubadilishwa, likakadiria kuwa yakishughulikiwa yote karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingezuilika au kucheleweshwa. Yamo presha, kisukari, lehemu, unene, sigara, pombe nyingi, kutofanya mazoezi, majeraha ya kichwa, sonona, upweke, hewa chafu, elimu ndogo utotoni, uziwi na macho yasiyotibiwa. Soma orodha hiyo ukiwa na picha ya kijana wa bodaboda asiyevaa kofia, mama anayepikia ndani kwa kuni, na baba wa miaka 45 mwenye presha ambaye hunywa vidonge pale tu kichwa kinapomuuma. Uzee wa mwaka 2050 unaandaliwa sasa hivi, na wengi wetu tumo.

Uangalizi wenyewe kwa kawaida humwangukia binti, mkamwana au msichana wa kazi, huku kaka zake mjini wakituma hela na ushauri kwenye kundi la familia. Serikali zimeanza kuingia polepole: Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii Aprili 2016, wakati huo ikiwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi bila kuuliza aliwahi kuajiriwa wapi, na Kenya ina mpango wake wa Inua Jamii. Fedha hizo hazitoshi kumlipa mtu wa kumgeuza mgonjwa usiku. Zinatosha sabuni na sukari, na kumfanya mzee asiombe kila kitu. Si jambo dogo kwa anayeogopa kuwa mzigo.

Chupa ya mofini

Tukifika kwenye kufa, mazungumzo ya Ulaya huelekea haraka kwenye haki ya kuchagua siku ya kufa, jambo ambalo Uholanzi imeliruhusu kisheria tangu 2002. Sioni kwamba huo ndio mjadala wetu wa kwanza. Anayeogopa kufungwa mashine zisizozimwa yupo, lakini yuko Nairobi au Dar, na mara nyingi hofu yake kubwa ni bili. Wengi wanakufa nyumbani wakiwa na maumivu ambayo dawa yake, mofini, imejulikana kwa zaidi ya miaka 200.

Tiba shufaa, yaani matunzo yanayolenga kuondoa mateso ya mgonjwa hata pale ugonjwa wenyewe usipopona, ilipata sura yake ya kisasa mwaka 1967 Cicely Saunders alipofungua hospisi ya St Christopher's mjini London. Yeye alisisitiza kuwa maumivu ya anayekufa hayako mwilini tu: yamo pia katika deni asilolilipa, mtoto waliyegombana naye, na Mungu ambaye mgonjwa hajui amemkosea nini. Mwaka 1979 Harare ikapata hospisi ya kwanza barani Afrika, Nairobi ikafuata 1990. Daktari Anne Merriman, aliyefanya kazi Nairobi, akahamia Kampala na mwaka 1993 kuanzisha Hospice Africa Uganda. Alichokileta kilikuwa rahisi mno: unga wa mofini uliochanganywa na maji, ukatiwa kwenye chupa, mgonjwa akanywa nyumbani kila baada ya saa nne. Hakuna sindano. Chupa hupewa rangi ili nguvu ya dawa ijulikane. Uganda ikaitoa bure, kisha mwaka 2004 ikabadili kanuni ili wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu waweze kuiandika, kwa sababu kumsubiri daktari kijijini ni kusubiri mvua ya kiangazi. Tanzania nayo mofini ya maji hutolewa, Taasisi ya Ocean Road ya Dar es Salaam ikiwa ndiyo kitovu kwa wagonjwa wa saratani, lakini ukitoka mijini unaweza kutembea wilaya nzima usiipate.

Kwa nini? Fedha si jibu la kutosha, maana mofini ya maji ni miongoni mwa dawa nafuu. Ripoti ya Lancet ya mwaka 2017 ilionyesha kuwa kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizokuwa zikisambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Wadhibiti wanaogopa uteja, yaani uraibu, madaktari wanaogopa wadhibiti, na familia inaogopa kwamba mofini ndiyo itakayomuua mgonjwa. Hofu hii ya mwisho inastahili jibu la moja kwa moja. Ikianzwa kwa dozi ndogo na kupandishwa kulingana na maumivu, mofini haimharakishii mtu kifo, na uteja kwa mgonjwa wa namna hii ni nadra. Karaha yake ya uhakika ni kufunga choo, ndiyo maana huandikwa pamoja na dawa ya kulainisha. Mtu akifariki siku mbili baada ya kuanza mofini, kilichomuua ni ugonjwa uliokuwa umefika mwisho. Kosa ni kwamba mofini ilichelewa kuletwa.

Mwenye demensia ana taabu ya ziada: hawezi kusema anaumwa. Anapiga kelele, anakunja uso, anampiga anayemwogesha. Tunamwita mkorofi na kumpa dawa ya usingizi. Utafiti uliofanywa Norway na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa wagonjwa wa demensia waliopewa dawa za maumivu kwa utaratibu, wengi wao paracetamol tu, vurugu zao zilipungua. Fikiria jino, goti, au kidonda cha mgongoni ambacho hakuna aliyemgeuza mgonjwa akakitazama.

Kisha inakuja siku anapokataa chakula, na hakuna kinachogawanya familia kama hicho. "Mama anakufa kwa njaa na nyie mnamwangalia!" Ukweli ni kwamba katika hatua ya mwisho ya demensia misuli ya kumeza husahau kazi yake, na mwili unaojifunga hauhitaji tena chakula kama zamani. Mrija wa kumlisha kupitia puani au tumboni haujaonekana kurefusha maisha ya wagonjwa wa hatua hii, wala kuwazuia kupaliwa. Kinachoshauriwa ni mkono wa mtu: kijiko kidogo cha uji laini, mgonjwa akiwa ameketi wima, bila haraka, na akifumba mdomo mnaacha. Midomo ilowanishwe kwa kitambaa chenye maji. Ni kazi ndogo, na inampa kila ndugu kitu cha kufanya badala ya kubishana mlangoni.

Kabla akili haijaondoka

Mambo ya karatasi yana tarehe ya mwisho isiyoandikwa popote. Wosia ni halali pale tu anayeuacha ana akili timamu. Kwa sheria za mila zilizotangazwa Tanzania mwaka 1963, wosia wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Mwislamu anajua kuwa wosia wake hauvuki theluthi moja ya mali na haumpi mrithi nyongeza. Wengi hawajui kuhusu hati ya uwakilishi. Baba anampa mwanawe hati ya kusimamia akaunti na nyumba akidhani ameyapanga mambo kwa ajili ya siku atakayochanganyikiwa. Kwa sheria ya mikataba ya Tanzania, iliyofuata ile ya India, uwakala hukoma mwenye mali anapopoteza akili timamu. Hati inakufa siku ileile ilipohitajika, na njia inayobaki ni mahakama. Kwa hiyo dalili za mwanzo zikionekana, mwanasheria aonwe kabla ya mganga.

Kenya ina somo lake kubwa. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi Desemba 1986 bila kuacha wosia wa maandishi. Mjane wake Wambui na ukoo wa Umira Kager walivutana mahakamani juu ya mahali pa kumzika, na mwili ukakaa mochwari hadi Mei 1987, ukoo uliposhinda. Wosia huenda usingemaliza ubishi wote, lakini mahakama isingebaki kusikiliza mashahidi wakisimulia marehemu alipata kusema nini, lini, na mbele ya nani.

Ugumu ni kuyaanzisha mazungumzo. Mtoto anayemuuliza mzazi "utataka tukuzike wapi?" huonekana anamchungulia kaburi. Mlango unaofunguka wenyewe ni msiba wa mtu mwingine. Mnarudi kuzika, mama anavua viatu na kusema, "Mimi msije mkanipeleka huku na huko hospitali kama walivyomfanya yule." Wengi wetu hapo tunaruka: "Usiseme hivyo mama, utaishi sana." Tumemnyamazisha. Afadhali kumuuliza: basi wewe ungependa iweje? Ukizidiwa ubaki nyumbani? Nani akuogeshe? Kuna mtu unataka mpatane? Daktari akiona ugonjwa hauponi, akwambie wewe au atwambie sisi kwanza? Mwache aseme, na mpigie simu ndugu yako naye asikie, maana ukiyasikia peke yako, siku ya siku wataona umetunga.